Ushauri: niuze kiwanja cha Mkuranga ninunue dawa ya mzee?

Mtoto wa Tatu: Wakuu, heshima kwenu. Mzee wangu ana miaka 71, saratani ya tezi dume. Mwaka juzi alitolewa korodani, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikashuka vizuri, mwaka huu imeanza kupanda tena. Daktari kamwandikia abirateroni, vidonge vinne vya miligramu 250 kila siku. Bima imegoma, tunanunua kwa mfuko wetu. Huu ni mwezi wa tatu tunanunua, nimekauka. Nina kiwanja Mkuranga. Niuze, au mzee arudi kwenye mitishamba? Silali.

Mangi Mpole: Usiuze ardhi, mkuu. Mimi niliuza shamba 2014 kumtibu bibi. Bibi akafariki, shamba sasa ni sheli. Nikipita pale naangalia upande wa pili.

Bi Mkubwa: Vijana wa siku hizi mnapiga hesabu hadi kwenye roho ya baba. Uza.

Fundi Dishi: Korodani zimetolewa, hiyo homoni ya kiume inayolisha saratani inatoka wapi tena? Mnapigwa hapo.

Nesi Mstaafu: Fundi, tezi zilizo juu ya figo nazo zinaitengeneza, na saratani ikishakuwa sugu hujipikia yenyewe. Abirateroni inazuia kimeng'enya kiitwacho CYP17. Bila hicho homoni haipikiki. Mleta mada, dawa hiyo huandikwa pamoja na prednisoloni, ile steroidi. Mbona hujaitaja?

Mtoto wa Tatu: Alipewa. Ila swali langu ni kiwanja.

Nesi Mstaafu: Anameza au hamezi?

Mtoto wa Tatu: Nilisimamisha wiki tatu zilizopita. Mzee ana sukari, na steroidi zinapandisha sukari, hilo linajulikana. Sikukurupuka, nilisoma.

Nesi Mstaafu: Presha je? Miguu?

Mtoto wa Tatu: Miguu imevimba kidogo. Presha ya juu 180. Si uzee tu?

Nesi Mstaafu: Uzee wapi! Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kotisoli, homoni nyingine ya tezi zile za juu ya figo, nayo inapungua. Ubongo unazisukuma zile tezi, nazo zinamwaga homoni za kushika chumvi na maji. Presha inapanda, potasiamu inashuka, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Prednisoloni ndiyo inayozuia hayo, na haikatwi ghafla. Sukari mwambie daktari, ataishughulikia. Mpeleke leo hii, wapime potasiamu na ini. Vile vinne anameza saa ngapi?

Mtoto wa Tatu: Asubuhi, kwenye uji. Tunavisaga. Mzee hajui kama ana saratani, tumemwambia ni dawa za presha. Msinihukumu. Angejua, mawazo yangemuua kabla ya ugonjwa.

Kiroboto: Mtu katolewa korodani hajui anaumwa nini? Hii chai, tena haina hata tangawizi. Na mwezi Machi ulileta uzi wa mirathi humu, ukasema baba yako alishatangulia.

Mtoto wa Tatu: Yule ndiye aliyenizaa. Huyu ni baba mdogo, kanilea tangu darasa la pili. Operesheni aliambiwa ni busha.

Bi Mkubwa: Busha! Subhanallah. Marehemu mume wangu nilimwambia ukweli wote. Alinyamaza, halafu akaniagiza pweza.

Kiroboto: Sasa imekuwa chai ya maziwa.

Mangi Mpole: Mods, ufungeni uzi.

Nesi Mstaafu: Chai au si chai, kuna mwenye mgonjwa kweli anasoma hapa. Abirateroni humezwa nzima, tumbo likiwa tupu: angalau masaa mawili baada ya kula, kisha usile kwa lisaa lizima. Ikiingia na chakula, mwili unaifyonza kwa wingi kupita kipimo. Na mjamzito asiiguse bila glavu, sembuse unga wake. Nani anayesaga hapo kwako?

Mtoto wa Tatu: Shemeji yenu.

Mtoto wa Tatu: Ngoja nimpigie.

Fundi Dishi: Mkuu, hicho kiwanja kina hati?