Bajeti ya chakula Dar: kununua kwa jumla bila kumaliza pesa ya mwezi

Mgeni wa Tabata anauliza:

Ndugu zangu wa nyumbani, hamjambo. Tumehamia Dar kutoka Mombasa mwaka huu kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Tuko watano. Chakula tumekitengea laki tano kwa mwezi, gesi na maji mbali. Kila tukisema tujaze vitu ndani (kiroba cha mchele, dumu la mafuta la lita 20, sukari, maharage) pesa inakata mapema na tunamalizia mwezi kwa daftari la mkopo la Mangi wa dukani. Tukirudi kwenye robo robo, mwezi unafika, ila naona kabisa tunaumia kwenye bei. Na hizi noti za elfu kumi sijazizoea: ndiyo kubwa kuliko zote, lakini haifiki mbali kama ile elfu moja yetu ya Kenya. Unaivunja kwa nyanya na mchicha, jioni hata chenji huioni. Kwetu nilikuwa nikishuka soko la Kongowea mara moja, yamekwisha. Nyinyi mliokaa huku mnafanyaje, na mnanunua soko gani?

Mama wa Mbezi anajibu:

Mwanangu, karibu Dar. Bei za huku zina lawama zake, lakini shida yako ni nyingine: unanunua chakula cha miezi miwili kwa pesa ya mwezi mmoja. Kiroba cha kilo 50 kwa watu watano kinavuka miezi miwili vizuri tu. Sasa kwa nini mwezi huu ubebe mzigo wa mwezi ujao?

Tenga mafungu mawili, la ghala (vitu vya jumla) na la mwezi, na yasionane. Mimi nina laini ya pili ya simu kwa kazi hiyo tu. Mshahara ukiingia, fungu la ghala linarushwa huko na laini inarudi kabatini. Kwa laki tano yako ningetoa kama elfu themanini kila mwezi, na inayobaki ndiyo pesa ya mwezi. Mwanzoni usinunue kitu chochote cha jumla, utaona kama unajinyima bure. Fungu likitosha mafuta, nunua mafuta. Kiroba kinangoja zamu yake.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulicheka: ninachokichota ghalani nakilipia. Nikitoa kilo kumi za mchele, pesa ya mwezi inarudisha thamani ya kilo kumi kwenye laini ile. Yaani najiuzia mwenyewe, na sijikopeshi. Usipofanya hivyo kiroba cha kwanza utakifurahia, cha pili hutakipata, kwa sababu ile nafuu uliyoipata itakuwa imeshaliwa kwenye soda na chipsi mayai bila mtu kujua.

Kingine ni majira. Mchele mpya wa Mbeya na Kyela unaanza kumiminika kuanzia Mei na Juni, maharage yanafuata, mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanaendelea kuingia mpaka Agosti. Baada ya hapo bei inajikongoja kupanda, na ikifika Desemba mpaka masika ndipo inapouma. Kwa hiyo fungu la ghala lijazwe wakati vitu viko ghali, litumike wakati vimeshuka. Watu wengi tunafanya kinyume: tunakumbuka kuweka akiba Januari, wakati ada za shule nazo zimesimama mlangoni.

Soko. Nafaka nenda Tandale au Manzese, hakuna haja ya kwenda kubanana Kariakoo kwa ajili ya mchele. Ndizi, Mabibo. Samaki ni Feri alfajiri, ukifika saa nne jua limeshawapitia. Na popote uendapo dai mizani. Kisado ni kizuri kwa macho, lakini kuna visado vilivyopandishwa kitako, na muuzaji anavyokifuta kwa kiganja juu anajua anachokifanya.

Ukifika kwenye kiroba kilichofunguliwa, usichukue mchele ule wa juu wanaouweka kama bibi harusi. Zamisha mkono mpaka kiwiko, toa wa katikati. Sugua viganjani: vikibaki na vumbi jeupe kama poda, huo umekaa sana au fukusi wameanza kazi. Tafuna punje mbili. Mkavu unavunjika kwa mlio, wenye unyevu unasagika kama chaki, na huo ukiuweka ndani kwa joto letu hili utavunda. Ukinunua mpya wa msimu punguza maji jikoni, la sivyo utapika bokoboko. Mchele uliolala miezi kadhaa ndio unaochambuka kwa pilau.

Kijana wa Sinza:

Shikamoo mama. Naheshimu, ila hayo ni ya wenye stoo. Sisi wa chumba na sebule kiroba kinalala wapi, chini ya kitanda na panya? Halafu kuna kitu hakijasemwa: vitu vikiwa vingi ndani vinaliwa vingi. Mafuta ya kupima unayamimina kwa adabu, mafuta ya dumu kila mtu anakaangia kama yuko harusini. Na wageni wakijua kwako kuna mchele, Jumapili hazipungui. Mimi nanunua kwa wiki, na sijawahi kukopa kwa Mangi.

Mama wa Mbezi:

Marahaba mwanangu. Kwa mtu mmoja uko sahihi kabisa, wala usinunue kiroba. Kuhusu mafuta nakubali. Dawa yake ni chupa ya lita moja jikoni, dumu linafungiwa, na chupa ina siku zake. Sukari vivyo hivyo kwenye kopo.

Na akiba isizidi mahitaji. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, baada ya mvua kubwa za El Niño kukwamisha viwanda na mashamba ya miwa, aliyekuwa na kilo tano kabatini alikunywa chai yake bila presha. Waliokimbia kununua kwa magunia bei ikiwa kileleni walibaki na sukari ya dhahabu ndani wakati madukani inashuka. Akiba ni kitu ulichokinunua wakati hakuna anayekigombea.

Kaka wa Mbagala (nauza nafaka):

Naongezea upande wa kuhifadhi, maana hapa ndipo pesa inapooza. Dar si Njombe. Unyevu wa pwani unaingia kwenye gunia hata kama hujamwaga tone la maji.

Kiroba kisikae sakafuni wala kisiegemee ukuta. Weka mbao chini, acha nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake. Vigae vinatoa jasho usiku, utakuta kitako cha gunia kimeshikana na kina ukungu huku juu pakavu.

Kwa wadudu sishauri vidonge vya sumu kwenye nyumba yenye watoto. Tumia mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS: miwili ya nailoni ndani, mmoja wa kusuka nje. Unafunga ule wa ndani kwa kuuzungusha na kuukunja, kisha wa pili, kisha wa nje. Fukusi na dumuzi wanamaliza hewa iliyomo na kufa humo humo. Ila ukishafungua kila siku kuchota, faida imekwisha. Kwa hiyo chota ya wiki mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, mfuko urudi kufungwa. Tundu dogo la panya nalo linaharibu kila kitu.

Mahindi na karanga, kuweni makini na sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka zenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zitoeni kabla ya kusaga, na karanga chungu mtu asijilazimishe kumeza kwa sababu kainunua.

Dona msisage nyingi. Kiini cha hindi kina mafuta, kwenye joto hili unga unageuka mchungu upesi. Weka mahindi, saga kidogo kidogo. Sembe inavumilia zaidi kwa kuwa kiini kimeondoka na pumba, na pumba zenyewe usizisamehe mashineni, wafuga kuku wananunua.

Vitunguu vitundikwe kwenye wavu penye upepo, mbali na viazi. Viazi mviringo msijaze ndani, havikai.

Mgeni wa Tabata:

Ahsanteni sana, mamangu na kaka. Hili la kujiuzia mwenyewe mume wangu amelicheka kweli, lakini laini ya pili tumeshasajili. Maswali mawili: nazi zinakaa? Sisi bila mbaazi za nazi asubuhi hatujaamka. Na je, friza inalipa? Nimeona nyanya zikishuka bei natamani kununua tenga zima.

Mama wa Mbezi:

Nazi nunua zikiwa na makumbi yake, zinakaa wiki nyingi kivulini. Iliyofuliwa itikise usikie maji, na uangalie macho yake: yakiwa na unyevu au weupe wa ukungu, rudisha.

Friza inategemea Luku yako. Kama mko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, friza itawavusha hapo na uniti za juu yake ni ghali sana, nafuu yote ya nyanya inaishia kwenye umeme. Kama mmeshavuka siku nyingi, hesabu ni nyingine. Umeme ukikatika usiifungue, ikiwa imejaa inashikilia baridi kwa siku nzima na zaidi. Mimi situmii friza kubwa. Nyanya zikishuka nanunua nusu tenga na jirani, nazichemsha mpaka zikauke maji, naziweka kwenye vifuko vya mboga moja moja kwenye sehemu ya kugandisha ya friji ya kawaida. Masika nyanya zikipanda natoa kifuko kimoja kimoja.

Pesa ya genge itoe taslimu kila Jumatatu, iwe kwenye bahasha. Bahasha ikiisha Ijumaa, Jumamosi ni maharage na dagaa wa Kigoma. Usiongeze kutoka kwenye simu.

Kaka wa Mbagala:

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nashuka Tandale na kirikuu, gari dogo la mizigo. Mchele kwa sasa ni wa msimu, mkavu. Tukipata viroba sita au saba, nauli tukigawana inakuwa ndogo kuliko bajaji ya mtu mmoja. Naweza kupita Tabata, Sinza na kupandisha mpaka Mbezi. Pesa ya mchele kila mtu alipe mwenyewe dukani baada ya kupima, mimi sishiki hela ya mtu.

Kijana wa Sinza:

Kaka, mimi niandikie kilo kumi tu, nitachangia kiroba na mtu. Nani yuko tayari tugawane?

Mgeni wa Tabata:

Mimi, mdogo wangu. Fungu letu halijatosha kiroba kizima. Njoo na ndoo yako, na kama kuna mwenye mizani ya kuning'iniza atuazime siku hiyo.