Nimeshawishiwa nisome kozi ya Udruidi huku Wales, kuna aliyeipitia?

MamaTatu
Habari zenu wapendwa, naomba msinicheke. Niko Bangor, Wales kaskazini, mwaka wa tatu sasa, nafanya ukeya, yaani kutunza watu, kwenye nyumba ya wazee. Kuna dada tunapangwa naye zamu za usiku, Mzungu, mtu hana makuu kabisa. Kila ikikaribia saa kumi na moja alfajiri anatoka bustanini anasimama chini ya mti dakika tano hivi, anarudi ananawa mikono, anaendelea na dawa za wazee. Mi nikajua anavuta sigara. Juzi nikamuuliza, akacheka, akasema yeye ni Mdruidi, yaani anafuata mila za makuhani wa kale wa huku, na ule mti ni mwaloni. Jamani mwaloni mi nilikua naujua wa Mamre tu, wa Ibrahimu!

Basi akanieleza kuna kozi ya mwanzo unasomea nyumbani, ngazi ya kwanza inaitwa Bardi, alafu Ovati, alafu ndo Druidi mwenyewe. Nimevutiwa sitaki kudanganya. Ila mimi ni Mlutheri, mume yuko Moshi na mama mkwe ni mzee wa kanisa. Hii ni dini au ni darasa? Hakuna mambo ya kuchinja kuku usiku?

Chumvini
Kwa hiyo mzee wa Kimijikenda akivua viatu akajifunga kaniki akaingia kayani, ule msitu wao mtakatifu, ni mshirikina, ila Mzungu akisimama chini ya mti ni kozi na ada unalipa. Haya bwana.

Mtu wa Kusi
Dada MamaTatu usimsikilize Chumvini, ingawa ana hoja.

Mi nimeisoma hiyo ya Bardi. Nilianza nikiwa Leicester nikamalizia nimesharudi Tanga. Yangu ni ya Order of Bards, Ovates and Druids, nadhani ndo hiyo hiyo ya huyo dada maana ngazi ni zile zile tatu, hicho chama kilianzishwa 1964 na mwalimu mmoja Muingereza, Ross Nichols. Kuku hakuna. Kuchinja hakuna. Kuna kusoma kwiiingi.

Masomo yanaitwa gwersi, usicheke, ni Kiwelshi, ukikaa nalo mdomoni utasema ni neno letu. Yanakuja kidogo kidogo, na unapewa mtu wa kukuongoza, unamwandikia, anakujibu. Ngazi moja si chini ya mwaka. Na Bardi usifikirie ni mganga, ni malenga, kwa hiyo mwaka mzima ni hadithi, mashairi, kutulia na kutazama. Kuna hadithi ya mtoto Gwion aliyewekwa akoroge chungu cha dawa cha bibi mmoja mwaka na siku moja, matone matatu yakamrukia kidoleni, akakitia mdomoni kupoza, akawa yeye ndo anajua kila kitu na aliyekusudiwa ile dawa akakosa. Mimi nimelelewa na bibi, vyungu vya wenyewe navijua, niliisoma mara nne usiku ule ule.

Kilichonishinda ni sikukuu. Wanazo nane kwa mwaka, zinafuata jua: tarehe 21 Juni mchana mrefu, Desemba usiku mrefu, katikati zingine kama Beltane mwanzoni mwa Mei na Samhain mwishoni mwa Oktoba. Sasa Leicester unaelewa, Desemba saa kumi jioni giza, ukiwasha mshumaa unajua kwa nini unaliita jua. Nikaja Tanga. Mchana Juni na mchana Desemba tofauti yake hata huioni. Samhain wao majani yanakufa, sisi vuli inaanza watu wanapanda. Nikamuandikia muongozaji wangu nikamwambia hii kalenda huku haishiki, akanijibu basi fuata ya kwenu, nini kinageuka kwenu? Nikakaa wiki nzima sina jibu, mtu na miaka arobaini. Mwishowe nikaanza kuandika upepo, siku kaskazi inapolegea, siku kusi inapoingia, wavuvi wanavyobadilisha maneno. Daftari ninalo mpaka leo.

Kuhusu dini: wapo wanaosema ni dini yao, wapo Wakristo humo humo, wapo wasioamini chochote. Hakuna aliyeniuliza naabudu nini. Ila mama mkwe usimwambie kwa simu.

Kalamu ya Mwanzi
Naongezea historia, maana watu wengi wanaingia wakidhani inatoka moja kwa moja enzi za kale. Haitoki. Wadruidi wa zamani hawakuandika mafundisho yao, Julius Caesar anasema wanafunzi walikua wanakariri beti, wengine hadi miaka 20. Tunachojua sehemu kubwa kimetoka kwa Warumi, yaani maadui zao. Na MamaTatu wewe uko palepale: ukisimama Bangor ukaangalia ng'ambo ya maji, kile kisiwa cha Anglesey ndo Warumi walivuka kwa mashua bapa mwaka 60 au 61 wakawaua Wadruidi na kukata misitu yao mitakatifu. Hata Stonehenge, lile duara la mawe makubwa Uingereza, ilijengwa kabla yao zaidi ya miaka elfu moja.

Hizi ibada mpya chanzo chake kikubwa ni mwashi mmoja wa mawe wa Wales, Edward Williams, alijiita Iolo Morganwg. 1792 alikusanya watu Primrose Hill, London, akapanga duara la vijiwe, akasema ndo mila ya kale. Alikua mghushi hodari, aliandika mashairi yake akadai ni ya malenga wa karne ya 14, na watu walikuja kushtuka keshakufa zamani. Lakini mtu huyo huyo alikua na duka na akakataa kuuza sukari ya jasho la watumwa. Mi nashindwa kumchukia.

Chumvini hapo ndo tofauti. Kaya mnyororo haujakatika, wazee wapo, ndo maana hawawezi kukutumia kwa posta. Wale wao ulikatika, wanaunga.

Na nikitaja mnyororo: hapo Anglesey, Llyn Cerrig Bach, wakati wa vita 1942 wanajenga uwanja wa ndege, walichimba tope wakatoa cheni ya chuma wakaitumia kuvutia magari yaliyonasa. Ikavuta vizuri tu. Baadaye ndo wakagundua ina miaka kama 2000 na ni ya kufunga shingo za watu watano. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nilipoiona picha nilifunga kompyuta nikatoka nje kwanza. Kwa hiyo wakikwambia zamani kulikua na amani na miti tu, hapana.

Northfield Baridi
Huku Minnesota, Marekani, chuo cha Carleton, 1963, wanafunzi walilazimishwa kuhudhuria ibada, wakaunda Udruidi kwa utani tu ili wapinge sheria. Sheria ikafutwa, utani ukabaki mpaka leo 😂

Chumvini
Kalamu nimekuelewa mkuu. Ila ada bado sielewi.

MamaTatu
Asanteni sana, hiyo ya cheni nimesoma mara mbili. Kisiwa chenyewe nakipita kwa basi kila Jumatano kwenda kwa mteja.

Nimeamua naomba somo la kwanza nione, mume ntamwambia akija likizo. Ila swali moja, huyo dada kaniambia kuna neno la Kiwelshi Awen, ule msukumo wa malenga, linaimbwa mara tatu, a-u-en, unalivuta mpaka pumzi iishe. Sisi humu ndani tunakaa wanne na kuta ni kama karatasi, wawili ni wa kanisani kwetu. Mtu wa Kusi ulikua unaimbia wapi?

Mtu wa Kusi
Leicester bafuni, maji nimeyafungulia. Bili ilikuja kubwa, bora wewe uende ufukweni.