Kocha wa chuo na vijana wa msimu mmoja

Swali: Wakubwa, shikamooni. Ninafundisha mpira wa kikapu chuoni hapa Tanga, na kila vijana wanapozoea kupasiana bila kutazamana, wanahitimu na kuondoka. Makocha wa Marekani, ambao misimu michache mibaya huwagharimu kibarua, wanamudu vipi?

Jibu: Marahaba. Tangu 2006, NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu Marekani, ili imsajili Mmarekani, humtaka awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari, hivyo wenye vipaji hupita vyuoni kama abiria wa kivuko cha Pangani. Chuo Kikuu cha Kentucky kilitwaa ubingwa wa vyuo wa 2012 kikimtegemea Anthony Davis wa mwaka wa kwanza, ambaye aliondoka mara moja.

Jibu: Ila kikosi kile kilikuwa na Darius Miller, wa mwaka wa nne. Mwalimu, wewe umebakiwa na nani?

Muulizaji: Mmoja tu, na goti lake linavimba.