Wembe wa kukunja wa kubadilisha kiwembe: mashavuni poa, kidevuni damu tu

Ndevukavu
Wakuu salama? Nimehamia kwenye ule wembe wa kukunja kama wa vinyozi, ule unapachika nusu ya kiwembe kikiisha makali unatupa unaweka kingine. Mashavuni naenda freshi kabisa ila nikifika kidevuni na chini ya taya ni damu, na shingo siku ya pili inaota vipele. Ndevu zangu za kipilipili. Povu napaka la kutosha, kiwembe kipya, sasa shida ni mkono au ndo hizi nyembe zilivyo? Na huu mkono wa kushoto mnautumiaje jamani, maana naona kama sio wangu

Mzee wa Brashi
Unakandamiza mkuu. Huo wembe ni mwepesi kwa hiyo mkono unaongeza nguvu bila wewe kujua. Laza wembe kwenye ngozi halafu inua mgongo wake kidogo, nyuzi 30 hivi, ukisimamisha zaidi ya hapo unakwangua ngozi. Shavu ni bapa ndo maana halikusumbui, kidevu ni mviringo so ile nyuzi 30 yako inapotea kila ukisogea, nenda vipande vifupi vifupi, simama, panga upya, endelea. Na wembe USITELEZE kwa pembeni hata kidogo, hapo ndo unajichana

kinyozi_wa_nyumbani
Naongezea, angalia zile kona za kiwembe, karibu na sikio na chini ya pua ndo zinachoma. Hakikisha kimekaa sawa kwenye kibanio. Na wakati wa kukivunja katikati kivunje kikiwa bado kwenye karatasi yake, vidole utavihitaji

Mkono wa kushoto achana nao kwanza, uwe wa kuvuta ngozi tu. Nyoa na kulia pande zote, shavu la kushoto unapitisha mkono mbele ya uso. Ngozi ikazwe vizuri hasa shingoni

Shababi
Hapo kwenye kukaza ngozi nakupinga, huyu kasema ndevu ni za kipilipili. Ukivuta sana ukanyoa, unywele unakatika halafu ngozi ikirudi unazama ndani, ukianza kuota unajikunja unachoma ngozi kutoka ndani, ndo vipele hivyo. Tena shingoni ndevu haziendi upande mmoja, acha ziote kidogo upapase ujue zinalalia wapi, unyoe kufuata huko huko. Kinyume usiguse, hata kama itabaki inakwaruza kidogo

Ndevukavu
Sasa nivute au nisivute?? mnanichanganya

kinyozi_wa_nyumbani
Shababi yuko sahihi kwa ndevu za hivyo. Vuta mpaka ngozi iwe bapa wembe usinase, sio iwambe kama ngoma. Usipovuta kabisa unajikata

Shababi
Na palipoota vipele usipitishe wembe juu yake, subiri vitulie. Vikitoa usaha au vikiacha makovu nenda kwa daktari wa ngozi. Ukijikata kidogo, lowesha shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, gusisha hapo, damu inakata

Bwana Mashine
Mnahangaika bure, mashine zipo

Shababi
@Bwana Mashine kwa mwenye vipele sugu wala hujakosea, mashine inaacha ndevu fupi juu ya ngozi hazipati nafasi ya kuzama. Ila jamaa kaomba wembe

Ndevukavu
Shukrani wakuu, nimewaelewa. La mwisho, mdogo wangu naye anautaka huu wembe, nikibadilisha kiwembe si inatosha?

Mzee wa Brashi
Haitoshi. Damu inaingia mpaka kwenye kibanio, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Anunue wake