MJADALA: Je, mwenyekiti wa mtaa ni lazima atoke kwenye chama?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili mapema, kwa sababu kampeni zikishaanza hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kwa kanuni zetu za uchaguzi wa serikali za mitaa hapa Tanzania, anayetaka uenyekiti wa mtaa awe ametimiza miaka 21, awe mkazi wa mtaa huo, ajue kusoma na kuandika, awe na shughuli halali ya kumwingizia kipato. Mpaka hapo sina ugomvi. Lakini lipo sharti jingine: awe mwanachama wa chama cha siasa, na chama hicho kimdhamini. Hilo ndilo nataka liondolewe, tuanzie kwenye mtaa, kijiji na kitongoji, hata kama ubunge na urais vitabaki vilivyo kwa sasa.

Tazameni kazi yenyewe. Mwenyekiti wa mtaa hatungi sheria na halipwi mshahara. Anapewa posho, na kwenye halmashauri zenye mapato madogo hata hiyo huchelewa. Anasuluhisha majirani wanaogombea mpaka. Anaandika barua ya utambulisho kwa kijana anayekwenda kufungua akaunti benki, au kwa mama anayekwenda kumwekea mwanawe dhamana polisi. Vibaka wakizidi, anaitisha kikao cha ulinzi shirikishi. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ikija kutambua kaya maskini, majina yanapitishwa kwenye mkutano wa wakazi na yeye yupo mbele. Kikundi kikitaka mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), safari inaanzia mtaani. Niambieni, ipi kati ya kazi hizo inahitaji ilani ya chama?

Na kwenye miji midogo jambo hili lina uzito zaidi. Iringa, Songea, Musoma, Babati, Mpanda: watu wanajuana kwa majina na kwa tabia. Mwalimu mstaafu anayeheshimiwa na mtaa mzima, muuguzi wa zahanati, imamu, mzee wa kanisa, wengi wao hawataki kadi ya chama chochote kwa sababu wanawahudumia watu wa vyama vyote na wasio na chama. Tunawafungia mlango, kisha tunauliza kwa nini watu waadilifu hawajitokezi.

Mazoea haya yana historia. Tangu miaka ya 1960 tulikuwa na balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama na wa majirani kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri zikavunjwa na madaraka yakapelekwa mikoani. Zikarudishwa rasmi kwa sheria za 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji, bado tukiwa na chama kimoja. Vyama vingi vilipokuja 1992, mtaa ukabaki na sura ile ile ya tawi. Mpaka leo zipo ofisi za mtaa zilizo ndani ya jengo la chama, na mkazi anapita chini ya bendera kwenda kuchukua barua yake.

Katiba yenyewe, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Imesema wananchi, haikusema wanachama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hoja ya mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, kwa karibu miaka ishirini: Mahakama Kuu ikampa ushindi 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge kuamua, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapa hapa Arusha ikaamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Tumekaa na hukumu hiyo mpaka leo.

Sasa hoja yangu kuu. Mwaka 2014 mitaa mamia ilikwenda upinzani. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, chama tawala, CCM, kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Novemba 27, 2024 kikachukua zaidi ya asilimia 98. Hata tukiacha kubishana juu ya haki ya matokeo hayo, maana yake ni kwamba uchaguzi halisi unafanyika kwenye kura za maoni ndani ya chama, miezi kabla ya siku ya kupiga kura. Mkazi asiye na kadi hana sauti pale ambapo mtu wake anachaguliwa. Siku ya uchaguzi anaitwa kuthibitisha jambo lililokwisha.

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga mje na hoja.

Mchangiaji kutoka Moshi

Mkuu, mada nzuri, ila nakupinga.

Ghana wanafanya hivyo unavyotaka. Katiba yao ya 1992 inakataza chama kumsimamisha mgombea kwenye mabaraza ya wilaya. Kila mmoja anajitokeza kwa jina lake. Vyama havikuondoka. Vinafadhili watu wao chinichini na kila mpiga kura anajua nani ni wa nani, ila hakuna wa kuwajibishwa mambo yakiharibika. Walipotaka kubadili kwa kura ya maoni Desemba 2019, serikali ikaifuta dakika za mwisho kwa kukosa maelewano. Na Burundi, jirani zetu, viongozi wa vilima, ngazi ya chini kabisa ya utawala wao, nao hugombea bila chama. Je, chama tawala kimepungua nguvu kilimani?

Kwetu ukiondoa vyama kwenye mtaa, atakayeumia ni upinzani. Mtaa ndio mahali pekee ambapo chama kisicho na fedha kinaweza kumlea kiongozi: anaanza ujumbe wa kamati, anakuwa mwenyekiti, anagombea udiwani. Chama kikubwa kitabaki na mabalozi wake kila kona, kiwe kwenye karatasi ya kura au kisiwe. Nani mwingine ana mtandao wa namna hiyo? Mwenye nyumba nyingi za kupangisha, labda. Utatuondolea chama utuletee tajiri wa mtaa.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Hapo kwa tajiri umenena. Kwetu wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba. Mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu atamnyima kura mwenye nyumba wake?

Mtendaji mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote. Nimekuwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa mtaa mahali pale pale bila kuhama nyumba, kwa sababu kijiji chetu kilimezwa na mji. Kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Kilipokuwa kijiji, mkutano mkuu ulikuwa unajaa. Sheria inataka ukae kila miezi mitatu, na watu walikuwa wanatudai tarehe. Unajua kwa nini? Ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Akija mwekezaji, au mkubwa kutoka mjini anataka ekari zake, lazima asimame mbele ya bibi mwenye jembe aulizwe maswali. Nimeona maombi yakikataliwa kwa kunyoosha mikono, na mimi nikaandika muhtasari wa kukataa. Kijiji ni chombo kamili kisheria: kina akaunti, kinashitaki na kushitakiwa, kinatunga sheria ndogo. Mapato na matumizi yanasomwa, na yasiposomwa kikao hakiishi kwa amani.

Tulipotangazwa mtaa, vyote hivyo viliondoka. Ardhi ikawa ya kupangwa na halmashauri ya mji. Akaunti ikafungwa. Mtaa haumiliki kitu, hauna bajeti yake, unapendekeza tu: pendekezo linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, kutoka kata linakwenda halmashauri, na huko linakutana na ukomo wa bajeti ulioshuka kutoka juu. Tulifanya zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, siku nzima watu wamekaa juani wanapanga vipaumbele: kivuko cha korongo, kisima, choo cha shule. Mwaka uliofuata hakuna hata kimoja kilichoonekana kwenye mpango wa halmashauri, wala hakuna aliyerudi kuwaeleza kwa nini. Mkutano uliofuata nilihesabu watu nikakata tamaa. Waliokuja ni wajumbe, wazee wachache na waliokuwa wanasubiri barua.

Watu wale wale, vyama vile vile. Hawakuacha mkutano kwa sababu mwenyekiti alikuwa na kadi. Waliacha kwa sababu mkutano hauamui chochote. Kwa hiyo hata mkimleta mwenyekiti asiye na chama, mwema kama malaika, mtakuwa mmempa kiti kisicho na kazi. Mimi ningeanza na mamlaka ya mkutano wenyewe.

Jambo la pili. Wanaokagua fomu za wagombea ni watumishi wa halmashauri, na uchaguzi wenyewe unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia serikali za mitaa. Sheria ya Tume ya Uchaguzi ya 2024 inaitaja kazi ya kusimamia uchaguzi wa wenyeviti, lakini uchaguzi wa mwaka ule ule ukaenda na TAMISEMI kama kawaida. Huyo mgombea binafsi wenu fomu yake itapita mikononi mwa nani? Mtu akiweza kuenguliwa kwa kukosea kuandika shughuli anayofanya akiwa na chama nyuma yake, na wakili, asiye na mtu atapona vipi?

Mchangiaji kutoka Kigoma

Shikamoo mzee. Naongeza ya kwetu.

Manispaa ya Kigoma Ujiji iliongozwa na chama cha upinzani, ACT-Wazalendo, kuanzia 2015 hadi 2020. Mwaka 2016 ikachaguliwa kuwa miongoni mwa miji na majimbo 15 duniani ya majaribio kwenye Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi. Mji wa pembeni ya ziwa, mwisho wa reli, ukakaa kwenye orodha moja na Paris na São Paulo. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia, na nasema hivyo nikijua wapo wenye chama tofauti watakaokasirika. Mwaka 2017 serikali kuu ikaiondoa Tanzania kwenye mpango huo, na wa Kigoma ukaishia hapo. Madiwani hawakuwa na la kufanya. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, watumishi wanapangwa kutoka juu, na meya anachaguliwa na madiwani wenzake, si na sisi.

Kwa hiyo nipo na mzee. Lakini nipo na mleta mada pia kwenye jambo moja: kama manispaa hiyo ingejengwa juu ya mikutano ya mitaa iliyozoea kudai hesabu, ingekuwa vigumu kuuzima uwazi ule kimya kimya. Sisi wananchi hatukuulizwa wakati wa kuingia, wala hatukuuliza wakati wa kutoka.

Mchangiaji, mjumbe wa kamati ya mtaa

Salamu kwenu kaka zangu, na shikamoo mzee. Mnazungumza kana kwamba wagombea wote ni wanaume.

Mimi niliingia kwenye kamati kupitia nafasi za wanawake, na fomu yangu ilichukuliwa na chama kwa sababu kilihitaji jina la mwanamke. Bila hiyo nisingethubutu. Shemeji zangu wangeniuliza nani amenituma. Nilipokuwa na chama nilikuwa na jibu. Ukisema kila mtu ajitokeze mwenyewe, mwanamke anayejitokeza mwenyewe mtaani kwetu anaitwa majina. Na mikutano inaitishwa saa kumi jioni, wakati sisi tupo sokoni au jikoni, halafu mnasema wanawake hawashiriki. Mtakapoandika hayo mapendekezo yenu, wekeni na saa ya mkutano. Hilo halihitaji kubadili Katiba.

Mleta mada

Nashukuru wakuu, na shikamoo mzee wetu.

Hoja ya mkutano kukosa mamlaka naichukua, na naiona inakwenda pamoja na yangu. Nani atadai mamlaka hayo yarudi? Mwenyekiti anayetegemea chama kumrudisha kwenye fomu baada ya miaka mitano hatasimama mbele ya halmashauri inayoongozwa na chama chake kuuliza kwa nini kivuko hakipo kwenye mpango. Asiyetegemea chama anaweza. Na vijiji vinaendelea kumezwa na miji kila mwaka, kwa hiyo watu wanaopoteza haki ya kusema hapana juu ya ardhi wanaongezeka. Ningependa hata sheria ya mamlaka za miji ilazimishe jambo dogo tu: halmashauri ikikataa kipaumbele cha mtaa, irudi kwenye mkutano mkuu na kueleza sababu, na sababu hiyo iandikwe kwenye muhtasari.

Kuhusu fomu: mgombea adhaminiwe na wakazi badala ya chama, na wadhamini wake wasimame kwenye mkutano wa hadhara wathibitishe mbele ya wote. Mtendaji hatakuwa na nafasi ya kumwengua mtu chumbani kwa kosa la kalamu wakati mtaa mzima umeona.

Ndugu wa Moshi, Ghana sijaisahau. Lakini mimi sisemi vyama vikatazwe. Kenya, kwa ibara ya 85 ya Katiba yao ya 2010, chama kinasimamisha mtu wake na mgombea binafsi anasimama pembeni yake, hata kwenye uwakilishi wa wadi. Upinzani utabaki na nafasi ya kulea watu wake. Anayeongezwa ni yule aliyekuwa nje.

La wapangaji na la dada yetu ndiyo yananisumbua kweli. Wadhamini wakisimama hadharani, mpangaji atamdhamini nani mwenye nyumba wake akiwa amekaa mbele? Na nafasi za wanawake kwenye kamati, bila chama kutafuta majina, zitajazwa kwa utaratibu upi? Wenye uzoefu, hasa mliowahi kukaa kwenye kamati za mitaa ya miji midogo, leteni mapendekezo kwenye hayo mawili kabla hatujarudi kwenye siasa za vyama.