Mjadala: Limalama ni ya Samoa au ni ya California?

Mwanakenpo wa Tanga
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Limalama, sanaa ya mapigano, iliundwa kusini mwa California miaka ya 1960 na Tino Tuiolosega, Msamoa aliyewahi kuwa askari wa Marines wa Marekani, na wafuasi wake huiita sanaa ya Polinesia, yaani ya visiwa vya Pasifiki kama Samoa. Nimefanya mazoezi ya kenpo, sanaa ya kujihami iliyo karibu na karate, miaka 11. Nikiitazama mikono yao, yale mapigo matatu yanayofuatana kabla adui hajavuta pumzi, naona kenpo ile ile ambayo Ed Parker, mzaliwa wa Honolulu, alifungulia shule Pasadena mwaka 1956. Kwa maoni yangu, jina ni la Samoa na mwili ni wa California. Isitoshe, Wasamoa walikuwa wavuvi tu. Sanaa ya mapigano wangeitoa wapi?

Binti wa Shela
Kaka, hoja ya kenpo naiweka kando, kwa kuwa hilo neno "wavuvi tu" limenichoma. Mimi ni mtoto wa mvuvi, na wanaotamka maneno hayo huwa hawajawahi kuvuta jarife alfajiri. Wasamoa walikuwa na marungu ya vita, na walikuwa na ailao, ule mzunguko wa rungu ambao shujaa alimwonyesha adui kabla ya kupambana naye. Wana pia nifo oti, kisu kirefu chenye ndoana nchani, na nifo kwao ni jino. Chombo kama hicho hakitengenezwi kwa ajili ya kupara samaki.

Mzee wa Kamusi
Naomba niongeze la lugha. Kwa Kisamoa lima ni mkono na pia ni tano, na malamalama ni mwanga au ufahamu, ndiyo maana Limalama hufasiriwa kuwa mkono wa hekima. Hata jirani zetu wa Madagaska, ambao lugha yao ni ya ukoo huo huo, husema dimy kwa tano.

Mwanakenpo wa Tanga
Mzee wangu, shikamoo. Jina hupewa hata mtoto wa kulea, kwa hiyo halithibitishi nasaba. Nawe dada, sikumtaja mzazi wako wala sikukusudia kumdharau mtu, na kama neno lile limekuumiza, nalifuta. Ila jibu nililouliza. Marekani iliingia Samoa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo kijana wa California wa miaka ile alikuwa mgeni aliyejifunza alichokikuta huko.

Binti wa Shela
Nimepokea, na tuendelee. Lakini hapo umekosea tena, na kosa hili ndilo linaloiangusha hoja yako. Bendera ya Marekani ilipandishwa Tutuila, kisiwa cha Samoa, mwaka 1900. Kituo cha jeshi la majini la Marekani cha Pago Pago, kisiwani humo, kilipofungwa mwaka 1951, familia nyingi zilizokitegemea zilihamia Hawaii na California, zikaenda na wazee wao, makanisa yao na ngoma zao. Unawezaje kuwaita wageni waliojifunza kila kitu ugenini? Tazama ngoma ya kisu cha moto, kisu kinachozungushwa kikiwaka, ambacho watalii wote hukipigia makofi: ailao ni ya kale, lakini moto uliongezwa na Freddie Letuli, Msamoa, akiwa San Francisco mwaka 1946. Leo Wasamoa wenyewe hushindana kwa kisu hicho, na sijamsikia hata mmoja akisema si chao.

Mwanakenpo wa Tanga
La mwaka 1900 nimekubali, na la Letuli nimekubali kwa sababu ailao ilikuwepo kabla yake na tunaweza kuitenga na ule moto. Sasa nionyesheni ndani ya Limalama hatua moja tu, ya mguu au ya kiwiko, ambayo kenpo haina na wazee wa Samoa walikuwa nayo. Nikiiona, nitaandika hapa hapa kwamba nimekosea.