Mjadala: Bayume Mohamed Husen apewe mtaa Dar es Salaam?

Mleta mada: Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa nchi, mwaka 1917 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kushikwa mateka na Waingereza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, ambako alifundisha Kiswahili, hadi Wanazi walipomkamata mwaka 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Berlin imemwekea jiwe la kumbukumbu mahali alipokuwa akiishi. Napendekeza mji uliomzaa nao umpe mtaa.

Mkazi wa Ilala: Sikubaliani. Alikuwa mamluki wa jeshi lililochoma mashamba na maghala ya kusini wakati wa Maji Maji, hadi watu wakafa kwa njaa. Kama ni kukumbuka, wapagazi waliokufa kwa maradhi wakiwabebea wakoloni risasi ndio watangulie.

Mjukuu wa askari: Ndugu yangu, neno hilo "mamluki" limenichoma, kwa sababu marehemu babu yangu alivaa sare ya KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, akapelekwa Burma, na sitakubali aitwe hivyo. Maji Maji ilipoanza mwaka 1905, Husen alikuwa hajatimiza hata miaka miwili. Unamhukumu kwa damu gani?

Mkazi wa Ilala: Babu yako sikumtaja, Mungu amrehemu. Ila Husen alikwenda Ujerumani kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi hilo hilo, kisha akaomba na nishani. Anayeomba nishani ya mkoloni amekwisha kuchagua upande.

Msomaji wa Tanga: Mtoto wa miaka kumi anachagua upande upi? Alidai jasho lake, na mshahara na nishani vyote akanyimwa. Halafu sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni kumbukumbu ya waliompigania Mwingereza, nawe unaipita kila siku bila kinyongo.

Mkazi wa Ilala: Nani amekwambia sina kinyongo? Maandishi ya pale chini yanawataja wapagazi, lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki. Kabla ya kuzungumzia mtaa wa Husen, naomba mnijibu kuhusu hilo.

Mjukuu wa askari: Nitakujibu ukishaliondoa neno "mamluki".